Misumari ya Meza ya Kumi na Nne

Katika safu ya wauza vitambaa vya jora pale soko la Owino, Kampala, mteja aliyefika kwenye meza ya kumi na nne alijua mambo mawili kabla hajafungua mdomo. La kwanza, hapo palikuwa kwa Kakule, kwa sababu jina liliandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ubao juu ya meza, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. La pili, hapo hapakuwa na nyongeza.

Nyongeza ndiyo adabu ya soko lile. Ukinunua nyanya unaongezewa moja, ukinunua dagaa unaongezewa kiganja, na ukinunua kitambaa, muuzaji husogeza mkono kupita msumari wa kupimia, vidole viwili au vitatu, ndipo anatia mkasi. Mteja hutabasamu, muuzaji hutabasamu, na kila mmoja huondoka akijiona mjanja. Mama Pélagie, mjane wa Kakule, hakuutaka ujanja huo. Yeye alikinyoosha kitambaa kutoka msumari hadi msumari, akakibana kwa kidole gumba, akakata papo hapo, mstari umenyooka kuliko pindo la kiwandani.

"Nnyabo, nyongeza yangu?" mteja angeuliza, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Yadi yangu imeshiba, mwanangu. Anayekuongezea ni yule aliyekupunja kwanza."

Wenzake katika safu walilisikia neno hilo kila siku ya Mungu, nao waliinamia vitambaa vyao na kung'ata midomo. Yeye aliamini wanaona haya. Kumbe walikuwa wanajizuia kucheka.

Pélagie alikuwa amefundisha hesabu darasa la tano mjini Butembo, Kongo, kwa miaka kumi na saba. Vita vilipowatoa kwao mwaka wa tisini na nane, mumewe Kakule alibeba sanduku na mtoto mdogo, na yeye akabeba mtoto mkubwa na rula ya mbao ya mita moja iliyokuwa mali ya darasa lake. Pale mpakani Kasindi askari alimuuliza kama ile ni silaha. Akamjibu kwamba ndiyo, ila inaua ujinga tu. Askari alicheka akawapitisha, na rula ile ikaingia Kampala, ikapata nafasi yake nyuma ya kabati katika vyumba vyao viwili vya Kyebando.

Kakule ndiye aliyeanza biashara. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, na chama cha wauza vitambaa kilipotengenezea wanachama wake meza mpya, yeye alipata ya mwisho, ya kumi na nne, ikiwa na muhuri wa chama uliochomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao, na misumari miwili ya shaba iliyoonyesha yadi. Hakuitumia hata mwaka mzima. Aliugua, akalazwa hospitali ya Mulago, akafariki, na siku arobaini baadaye Pélagie alivaa kitenge chake cheusi, akaenda sokoni, akasimama chini ya ubao ule wa bluu. Alikuwa hajawahi kuuza hata sindano. Lakini jina lilikuwa pale juu, na alijiapia kwamba maadamu yeye yu hai, hakuna atakayelitaja kwa kuvuta mdomo.

Kuhusu yadi hakuwa na la kuuliza. Kwao alizoea mita, na vitenge vya Butembo viliuzwa kwa kipande kizima. Yadi aliikuta Kampala kama mtu anavyomkuta shemeji nyumbani kwa watu: ukikaribishwa naye, humwombi kitambulisho. Chama kilisema yadi ni kutoka msumari huu hadi huu. Yeye, mwalimu, alipenda kitu kilichopigiliwa.

Miaka minane akakata hivyo.

Mwaka ambao kanisa lao dogo la Kyebando lilipata paa jipya la bati, wanawake wa kwaya, ishirini na wanne kwa idadi, waliamua kushona magauni ya kufanana kwa ajili ya ibada ya kuliweka wakfu. Hakuna aliyejadili wapi pa kununua kitambaa. Mama Pélagie alikuwa mlezi wa kwaya, na alikuwa na jora la satini ya kijani, kijani cha jani changa la mgomba. Alipima yadi tatu kwa kila mama, yadi sabini na mbili, akiwa amesimama, bila kukaa hata kunywa chai. Kisha kitambaa kikapelekwa kwa Afande Otema.

Otema alikuwa Mwacholi mrefu aliyeshona suruali za polisi miaka ishirini, akastaafu na goti bovu na Kiswahili cha kambini. Kamati ya kanisa ilikuwa imempa baraza la mbele aweke cherehani yake ya miguu, na hapo alishona tangu asubuhi huku mkewe, Atoo, akiuza karanga za kukaanga pembeni. Watu walimpenda kwa utani wake. Kumwamini lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi, kama kila mtu wa Kyebando alivyojua, huiba vitambaa. Hasa wateja wa meza ya kumi na nne walijua hivyo. Mara ngapi gauni lilikosa mfuko, au sketi ikaishia juu ya goti, na mwenyewe akarudi sokoni kulalamika? Pélagie aliwajibu wote sawasawa: "Yadi zangu zilikuwa kamili. Kamuulize fundi."

Jumamosi ya kujaribu nguo, wiki moja kabla ya ibada, magauni yaliyotundikwa ndani ya kanisa yalikuwa ishirini na matatu, na moja kati ya hayo halikuwa na mikono. Gauni lililokosekana lilikuwa la Huguette, mwembamba kuliko wote, mwenye sauti ya juu kuliko wote, akiimba na asipoimba.

"Afande, langu liko wapi?"

"Kitambaa imekwisha, dada."

"Imekwisha? Mimi hapa hata leso mbili zingenifunika. Ungenikatia kwenye mkono wa gauni la Mama Teresa, nikabaki na kilemba."

Wanawake wakacheka, na Mama Teresa, ambaye mwili wake ulikuwa wa neema, akacheka kwa nguvu kuliko wote. Pengine jambo lingeishia hapo. Lakini Huguette akageuka: "Mama Mwalimu, au ulipima ukisinzia?"

Kicheko kikamgusa Pélagie pabaya. Alisimama. Alisema kwa Kiswahili chake safi, taratibu, kama anayeandikia ubaoni, kwamba yeye alipima yadi sabini na mbili kwa mkono wake. Kwamba ishirini na nne mara tatu haijapata kubadilika. Kwamba satini si maji, haikauki. Na kwamba kilichopungua kimebaki kwa aliyekishika mwisho.

Otema aliitoa futi yake ya kupimia shingoni, akaizungusha kidoleni polepole.

"Mama Mwalimu," alisema, "mimi nimekaa polisi miaka ishirini. Nimeangalia wezi wengi machoni. Leo ndiyo mara ya kwanza mimi naangaliwa vile."

"Sikusema mwizi."

"Hapana. Umesema vizuri zaidi." Akanyoosha futi. "Nilipima hii kitambaa siku ilifika. Ilikuwa yadi sitini na nane, haifiki. Nikasema labda macho ni ya uzee. Nikakata tu."

"Futi yako ndiyo ya uzee, Afande. Futi za kitambaa huvutika kama soksi."

Basi ikawa hivyo. Kamati ilikaa siku ile ile ikasema kwa upole kwamba kama gauni na mikono havitapatikana kabla ya ibada, Afande atafute baraza lingine. Kufikia Jumapili jioni watu wanne walikuwa wamepita kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mmoja alimwambia Atoo kwamba amebadilisha mawazo kuhusu sketi. Atoo alimfungia karanga, akamwongezea nyongeza.

Pélagie aliyaona hayo akiwa njiani kutoka kwenye ibada, na hakuyafurahia. Alitaka haki ithibitike, iishe. Kwa hiyo Jumatatu aliivuta rula ya mita kutoka nyuma ya kabati, akaifuta vumbi, akaenda nayo Owino mapema, kabla wateja hawajajaa. Yadi moja ni sentimita tisini na moja na nusu kasoro kidogo. Hilo alilisoma kwenye kitabu cha mwanawe na kulihakiki mara mbili. Angepima meza, aandike kwenye karatasi, na karatasi ipelekwe kwa kamati ikiwa na sahihi.

Aliilaza rula kati ya misumari. Themanini na sita.

Akapangusa macho. Akapima kutoka upande wa pili, kana kwamba yadi ina mlango wa nyuma. Themanini na sita, na unywele.

Alikaa juu ya jora la khaki. Hesabu, rafiki yake wa siku zote, ilianza kumjia bila kuitwa: vidole vitatu kila yadi, yadi tatu kila gauni, magauni ya arusi, sare za shule, suti za mazishi, miaka minane. Sketi zilizoishia juu ya goti zilipita mbele yake moja moja, na nyuma ya kila sketi mwanamke mwenye hasira akielekea kwa fundi. Nao wote aliwatuma yeye. Juu ya kichwa chake ubao wa bluu ulisema KWA KAKULE.

Wazo la kwanza halikuwa zuri, nalo lisemwe. Aliwaza kwamba msumari ni kitu kidogo, na kwamba saa ile hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa Lamunu wa meza ya kumi na tatu, aliyekuwa akikunjua vitambaa huku akitafuna muhogo. Satini ya kijani ilibaki yadi mbili chini ya meza. Angeweza kusogeza msumari, ampe Huguette kipande kama sadaka, asifiwe, na Afande angezeeka na jina lake jipya.

"Dada Lamunu," alisema, "una nyundo?"

Lamunu alimeza muhogo. Akaitazama rula. Akautazama msumari. "Leo ndiyo umeamua kuusogeza?"

"Kusogeza nini?"

"Mwalimu, hizi meza ni fupi. Yangu fupi, yako fupi zaidi. Ndiyo sababu tunatoa nyongeza. Ukipita msumari vidole vitatu, unafika kwa yadi yenyewe."

"Nani anajua hilo?"

Lamunu alihesabu kwa macho safu nzima, meza kwa meza. "Wote," alisema.

Kama kuna kitu kingeweza kumwinua Pélagie kutoka kwenye jora lile, ni neno hilo. Alichukua rula yake akaanza kutembea. Alipima ya kumi na tatu, akapima ya kumi na mbili, akaendelea kushuka, na wauzaji wakasimama kando ya meza zao mikono nyuma bila kujua kwa nini wanasimama hivyo. Kila meza ilikuwa ndefu kuliko iliyoitangulia kwa unene wa msumari mmoja, si zaidi, si pungufu. Ya kwanza, iliyokuwa ya mwenyekiti wa chama, Hajati Nusura, ilikuwa yadi kamili.

Hajati Nusura alikuwa Mnubi wa Bombo, mtoto wa kambi ya jeshi, mwenye Kiswahili laini kama mafuta na vidole vilivyojaa hina. Meza zote kumi na nne zilitengenezwa na marehemu mumewe, Marjan.

"Mwalimu, karibu," alisema. "Unapima kaburi la nani?"

"Hajati, ya kwako ni yadi. Ya kwangu si yadi. Katikati hapa kila meza imekula msumari mmoja."

Nusura alieleza kwa sauti ya chini. Marjan aliazima chuma cha kupimia, akapima meza ya kwanza, na mwenye chuma akakidai chuma chake. Basi Marjan akakata fimbo ya kuenea kati ya misumari ya meza ya kwanza, akapigilia ya pili kwenye ncha za fimbo. Fimbo ikapotea, akakata nyingine kwenye meza ya pili. Akaenda hivyo mpaka ya kumi na nne, kila fimbo ikiwa fupi kuliko iliyotangulia kwa unene wa msumari.

"Alikuwa fundi mzuri," Nusura alisema. "Usimguse."

"Simgusi. Nagusa meza."

"Chama hakiuzi kitambaa, Mwalimu. Chama kinakupa meza. Aliyeshika mkasi ni wewe."

"Na aliyechoma muhuri juu ya meza?"

"Sisi tulitoa nyongeza kama watu wengine. Yadi zetu zilitimia. Hapa kuna mmoja tu aliyesema yadi yake imeshiba."

Safu nzima ilikuwa imesogea kusikiliza. Pélagie aliwageukia. "Kwa hiyo mlijua miaka minane," alisema, "na mkaninyamazia?"

"Nani angekuambia?" Lamunu alisema kutoka nyuma. "Mimi nilijaribu, mwaka wa kwanza. Ukanikalisha chini ukanifundisha desimali mpaka saa ya chakula."

Kicheko kilipasuka kuanzia meza ya kwanza hadi ya mwisho. Kilikuwa kimezuiwa miaka minane na kilikuwa na nguvu ya kitu kilichozuiwa. Pélagie alijaribu kukaza uso. Lakini alikumbuka ile siku, alikumbuka hata mfano aliotoa, wa machungwa, na mdomo wake ukamsaliti. Alicheka mpaka akashikilia meza ya Hajati.

Alipopata pumzi alisema hivi: "Mimi nilikuwa na rula nyumbani na sikupima, kwa sababu nilijua kwamba mimi sikosei. Hilo ni langu, nitalibeba leo. Mengine nimeyaacha hapa mezani kwako, Hajati. Kuna mtu Kyebando anafukuzwa barazani kwa ajili ya kimya chenu na mdomo wangu."

Aliondoka na zile yadi mbili za satini chini ya kwapa. Nyuma yake hakuna aliyecheka tena.

Otema alikuwa ameegemea cherehani isiyo na kazi, akisaidia kumenya karanga. Alimwona Mama Mwalimu akija na fimbo ya mita akamwambia mkewe kwa Kiacholi kitu ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa, maana Atoo alisogeza kikaango mbali.

Pélagie hakukaa. "Afande, yadi zako sitini na nane zilikuwa sahihi. Meza yangu ni fupi. Nimekuwa nikiwatuma watu kwako na malalamiko yangu mwenyewe."

Otema alimenya karanga moja, akaitazama, akaila. "Miaka mingapi?"

"Minane."

"Nilifikiri nakata vibaya," alisema. "Atoo ni shahidi. Kila nguo ya meza yako nilipanga kwenye sakafu mara tatu, kama ramani ya vita. Mara nyingine nilikata kitambaa yangu mwenyewe kuongeza kola." Akakipima kitambaa kwa macho. "Hiyo mbili unaleta haitoshi."

"Najua. Nyingine nitaitafuta."

"Na hapa barazani haitoshi pia, Mama. Uliniangusha mbele ya watu, na Kiswahili ya shule. Unisimamishe pale pale, na ile ile."

Otema alikuwa na haki, na Pélagie alilijua hilo tangu akiwa sokoni. Alichokuwa anakihofia si kusema. Alihofia kwamba akisema, watu watainua macho waone ubao wa bluu na kumfikiria Kakule, ambaye hakukata hata yadi mia moja kwenye meza ile. Aliibeba hofu hiyo wiki nzima. Alitafuta satini ya kijani maduka yote ya juu na ya chini, akakuta kijani cha chupa, kijani cha parachichi, kijani cha jeshi. Kile cha jani changa la mgomba hakikuwepo.

Jumamosi ya mazoezi ya mwisho alisimama mahali pale pale, mbele ya wanawake wale wale. Otema alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Pélagie alisema yote bila kuzunguka: rula, sentimita themanini na sita, miaka minane. Alisema, "Nilisema kilichopungua kimebaki kwa aliyekishika mwisho. Si kweli. Hakikufika kwake. Mimi ndiye sikukitoa. Afande Otema hajachukua hata uzi, na kila mmoja wenu niliyewahi kumwambia akamuulize fundi, naomba aniulize mimi." Kisha, kwa sauti iliyopungua kidogo: "Mume wangu hakuhusika. Jina ni lake, kosa ni langu."

Ndipo Huguette akainua mkono, kama darasani.

"Mama Mwalimu, unakwenda kusimama kwenye kona sasa, au baada ya mazoezi?"

"Baada ya mazoezi," Pélagie alijibu. "Kwanza nikutafutie gauni."

Wakaanza kucheka, na Mama Teresa akamkumbatia Afande Otema ambaye hakuwa amejiandaa kwa uzito ule. Katikati ya vurugu hiyo mlango ulifunguliwa na Hajati Nusura akaingia, mtandio wake wa manjano umewaka kama taa, Lamunu nyuma yake akiwa na bahasha ya karatasi kifuani. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akaambiwa hapa si lazima, akasema ameshavua.

"Sitakaa," alisema. "Mimi ni mwenyekiti wa wale wenye meza. Mwalimu amesema makosa ni yake. Amechukua na ya kwetu humo humo. Huyu mama hapendi kuachia mtu kitu. Meza tulitoa sisi, muhuri tulipiga sisi, na tulijua tukanyamaza. Marjan wangu alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kumaliza kazi kabla ya chakula. Nimekaa wiki nzima nikiona aibu kusema hivyo, na nimesema, na bado nampenda." Akamwashiria Lamunu. "Yadi mbili na robo. Tumeuliza soko zima. Ilikuwa pazia kwenye duka la mtu wa saluni. Tumemshusha pazia, tukampa la maua."

Lamunu alifungua bahasha. Kijani cha jani changa la mgomba.

Otema hakusubiri kuambiwa. Alivuta cherehani ndani ya kanisa, akamsimamisha Huguette juu ya benchi, akapima, na wanawake wakaimba nyimbo zote za ibada ijayo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, mguu wake ukikanyaga kwa mdundo wao. Hajati, ambaye hakutaka kukaa, alikaa, na kufikia wimbo wa tatu alikuwa anapiga makofi.

Gauni lilipokamilika na mikono ya lile jingine kushonwa, Otema alikohoa. Alisema kwamba leo ni siku ya watu kusema, basi na yeye yuko na neno. Akamtuma Atoo nyumbani, na Atoo akarudi na blanketi la viraka. Lilikuwa kubwa, la kufunika kitanda cha watu wawili, na ndani yake ilikuwemo Kyebando yote: maua ya kitenge cha arusi ya Mama Teresa, khaki ya sare, hariri ya mtu fulani aliyeanza kukazia macho.

"Mimi sikuiba kitambaa," alisema. "Lakini vile vidogo vidogo vinaanguka chini. Hii ndiyo vidogo vidogo."

"Afande," Huguette alisema kutoka juu ya benchi, "huu mkono wangu wa mwaka jana ulianguka mzima?"

Wakalitandaza blanketi juu ya mabenchi, kila mmoja akitafuta kiraka chake kwa kelele, na Otema akajitetea kwa kila kipande kama wakili. Kamati iliyokuja kuangalia gauni ilikuta watu wamelala kwa kicheko. Ikasema baraza ni la Afande. Jumapili yake wanawake ishirini na wanne waliingia chini ya bati jipya wakiwa kijani kitupu, na mvua ilipoanza kupiga juu waliishinda kwa sauti.

Wiki iliyofuata chama kilifunga meza nusu siku. Rula ya Butembo ilipita kutoka ya pili hadi ya kumi na nne, na Hajati Nusura alipigilia kila msumari mpya kwa mkono wake mwenye hina, akisema "Bismillahi" na, kila alipokosea, neno jingine. Mtangazaji wa soko alizunguka na kipaza sauti: aliyewahi kununua kwenye meza ya kumi na nne aje apewe shubiri moja bure. Walikuja wengi. Walikuja hata watu ambao Pélagie alijua kabisa kwamba hawajawahi kununua kwake, mmoja wao akidai gauni la mwaka ambao meza haikuwa imetengenezwa. Aliwakatia wote. Lamunu alimwonya kwamba anaibiwa.

"Waache," alisema. "Nao watakishona kwa fundi, apate kazi."

Msumari wa zamani hakuung'oa. Uko pale hadi leo, vidole vitatu ndani ya ule mpya, na mteja akiuliza ni wa nini anaelezwa habari yote, akitaka asitake. Nyongeza sasa anatoa, ila kwa namna yake: anapima yadi kamili, kisha anaweka rula, anahesabu sentimita tano, anakata. Mteja akidai ya sita wanagombana.

Na akishakunja kitambaa anamwelekeza kwa Otema, Kyebando, baraza la kanisa. Halafu anamshika mkono kabla hajaondoka.

"Kikipungua," anamwambia, "usimuulize fundi. Rudi hapa, kwa Kakule, uniulize mimi."